Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Katika Kitabu cha Nehemia iko sura moja ambayo wasomaji wengi wa Maandiko Matakatifu huiruka. Ni sura ya tatu. Haina miujiza, haina vita, wala haina sala ndefu. Ni orodha tu ya majina ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu baada ya uhamisho wa Babeli. Fulani mwana wa fulani alitengeneza hapa, na baada yake fulani akatengeneza pale. Lakini mtu akiisoma polepole atakuta jambo la kumfikirisha. Wajenzi wale wengi wao hawakuwa mafundi wa ukuta. Yumo kuhani mkuu na ndugu zake, yumo mfua dhahabu, yumo mtengenezaji wa manukato, wamo wafanya biashara, yumo mkuu wa nusu ya mji aliyekuja kazini pamoja na binti zake. Na mara kwa mara mwandishi aongeza neno dogo: huyu alijenga kuelekea nyumba yake, na yule kuelekea chumba chake. Nehemia alikuwa na barua za mfalme wa Uajemi, alikuwa na ruhusa ya mbao za msitu wa mfalme, alikuwa na askari. Angaliweza kuajiri vibarua na kuwaamuru wenyeji wakae kando. Hakufanya hivyo. Aliwaacha watu wajenge kile kipande wanachokiona kila asubuhi wafunguapo mlango, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Tumeikumbuka sura hiyo kwa ajili ya miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa, ingawa tutakayoyasema yawafaa pia Wakristo wa Tabora, wa Moshi na wa Mtwara. Mbeya ilianza mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa, nayo ilikuwa mji mdogo wa ofisi na maduka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta humo watu wapatao 385,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 540,000. Iringa, ambayo jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome, imepita watu 200,000. Mji ukikua namna hiyo, mkuu aliye ofisini hawezi tena kuijua kila njia ya maji na kila kichochoro. Hata awe mtu mwema na mwenye bidii, hawezi. Anayejua maji ya mvua ya Machi yanapita wapi ni mama anayeyazuia kwa jembe usiku wa manane yasiingie jikoni mwake.

Na kujua huko si jambo la mchezo. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 tope liliporomoka kutoka mlima Kawetire likazifunika nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, pamoja na majengo ya shule. Mtu akitazama milima inayoizunguka Mbeya, au miteremko ya Iringa inayoshuka kuelekea mto Ruaha Mdogo, aona mara moja kwamba swali la nani ajenge wapi, mfereji upite wapi, na miti gani isikatwe, ni swali la uhai wa watu. Swali la namna hiyo haliwezi kuachiwa ramani peke yake.

Yatupasa sasa kusema habari mbili zisizopendeza.

Ya kwanza ni ya Mbeya. Soko la Mwanjelwa liliungua moto mwaka 2006, na kwa miaka mingi baadaye wachuuzi wadogo, wale tuwaitao wamachinga, walitafuta riziki kando ya barabara na penye nafasi yo yote. Novemba 2011 amri ya kuwaondoa ikageuka kuwa fujo. Kwa muda wa siku mbili mawe yalirushwa, mabomu ya machozi yakapigwa, maduka yakafungwa, na barabara kuu iendayo Zambia ikazibwa. Ya pili ni ya Iringa. Mwezi wa Mei mwaka 2013, siku ya Dominika, ugomvi juu ya eneo la Mashine Tatu, kwamba wamachinga waruhusiwe kuuza pale au wahamie Mlandege, ukaisha kwa mabomu ya machozi na watu kadhaa kutiwa mbaroni.

Hatuandiki ili kugawa lawama baada ya miaka mingi. Mji hauna budi kuwa na utaratibu. Barabara ni mali ya wote, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ana haki ya kupita. Mchuuzi naye ana watoto, na ajua jambo moja asilolijua mchora ramani: mteja wa nyanya haendi soko lililo mbali na njia yake ya kurudi nyumbani, hata likijengwa kwa marumaru. Kila upande ulikuwa na neno la haki. Msiba ni kwamba neno lililopaswa kusemwa mezani lilikwenda kusemwa barabarani, na huko barabarani hakuna anayesikia. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakubwa wengi hufurahia kimya cha watu wakidhani ni amani.

Kanisa lilikutana na jambo la namna hiyo tangu utoto wake. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume yatuambia kwamba palizuka manung'uniko kule Yerusalemu. Wakristo wa lugha ya Kigiriki walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Tazama walivyofanya Mitume. Walikuwa watu waliomwona Bwana Wetu mfufuka kwa macho yao, nao walikuwa na mamlaka kutoka kwake. Lakini hawakusema kwamba manung'uniko ni dhambi, wala hawakuuliza nani amewachochea. Waliita mkusanyiko wote. Wakakiri kwamba kazi hiyo imewazidi, wakawaambia ndugu wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema. Na ukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, utaona kwamba yote ni majina ya Kigiriki. Yaani waliolalamika walipewa kazi ya kulitengeneza lile walilolilalamikia. Hekima hiyo yapita siasa nyingi za leo. Na Mitume hawakupungukiwa na heshima. Mwandishi asema Neno la Mungu likazidi kuenea.

Msingi huo ndio uliojengwa na Mababa Watakatifu katika mafundisho yao mintarafu ya jamii. Pio XI mwaka 1931 alifundisha kwamba ni kosa zito dhidi ya haki kuiondolea jumuiya ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe na kuikabidhi kwa jumuiya kubwa. Yohane XXIII, katika waraka wake juu ya amani wa mwaka 1963, alihesabu kushiriki katika mambo ya mji na nchi miongoni mwa haki za binadamu zitokanazo na heshima aliyopewa na Mungu. Paulo VI mwaka 1971 aliitazama miji mikubwa inayoota upesi, akaona upweke na ugeni wa wakazi wake, akahimiza watu waujenge upya udugu kuanzia mtaani. Na Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia, alisema waziwazi kwamba wanaoupanga mji sharti wayatie maoni ya wenyeji wa mahali katika hesabu zao. Kwa hiyo Mkatoliki anayekwenda mkutano wa mtaa hafanyi jambo la kando ya dini yake.

Nchi yetu pia imejifunza fundisho hili, tena kwa gharama. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na madaraka yakapelekwa mikoani mikononi mwa watumishi wa Serikali kuu. Nia ilikuwa njema, kuharakisha maendeleo. Lakini miji ikadhoofika: barabara zikachimbika, takataka zikalundikana, kipindupindu kikaingia. Ikabidi halmashauri za miji zirudishwe mwaka 1978, na sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, mwana wa Kanisa ambaye Jimbo la Musoma limefungua shauri la kumtangaza mwenye heri, alikiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza tena asingezivunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache duniani waliosema neno kama hilo wakiwa bado madarakani. Leo ibara ya 146 ya Katiba yasema kwamba kusudi la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Haisemi kuwapelekea maagizo.

Basi madaraka hayo yako wapi, na mkazi wa Ilomba au wa Kihesa atayashikaje?

Ngazi ya kwanza mjini ni mtaa. Jiji la Mbeya lina kata 36 na Manispaa ya Iringa ina kata 18, na kila kata imegawanywa katika mitaa. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, pamoja na kamati yake; mara ya mwisho uchaguzi huo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Yupo pia afisa mtendaji wa mtaa, ambaye hachaguliwi, ni mtumishi wa halmashauri. Juu ya hao wote, kwa maana ya kuhojiwa, uko mkutano wa wakazi wenyewe, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa humo na kusema. Yaliyokubaliwa hapo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo huenda kwenye Baraza la Madiwani. Mikutano ya Baraza hilo iko wazi. Mwananchi aweza kuingia akasikiliza diwani wake anasema nini, au kama anasinzia. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo, ya ushuru kwa mfano au ya usafi, yapaswa kuwatangazia wakazi kwanza ili walete maoni na mapingamizi yao. Ramani ya mipango miji nayo, kwa sheria ya mwaka 2007, haipaswi kupitishwa kabla wananchi hawajaonyeshwa na kusikilizwa. Na tangu mwaka 2016 iko sheria ya haki ya kupata taarifa, hivyo mtu anayeomba kuonyeshwa hesabu za mradi wa mtaa wake haombi fadhili.

Twasikia mara nyingi mpangaji akiambiwa anyamaze kwa kuwa hana nyumba pale. Hiyo si haki hata kidogo. Sheria yasema mkazi, haisemi mwenye nyumba. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika fedha za kununulia umeme, na katika nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Huyo ajengaye ukuta kila mwezi bila kuonekana, kwa nini azuiwe kuuliza ukuta umefika wapi?

Hata hivyo tusiwadanganye wasomaji wetu. Mtaa ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kijiji kina mkutano mkuu wenye nguvu kubwa katika sheria, kina uwezo wa kutunga sheria zake ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kina usimamizi wa ardhi yake. Mtaa hauna mambo hayo. Na hapa liko jambo ambalo wakazi wa pembezoni mwa miji yetu hulitambua baada ya kupitwa. Mji ukipanuka, kijiji hugeuzwa kuwa mtaa. Watu hushangilia, maana kuitwa watu wa mjini ni sifa, nao hutumaini lami na taa. Lakini siku ileile ile sauti waliyokuwa nayo juu ya mashamba yao, ya kukutana chini ya mti na kukubali au kukataa ardhi isigawiwe mgeni, hupita kwenda ofisi ya jiji au ya manispaa. Hatusemi kwamba miji isipanuke. Twasema wazee wa mahali kama hapo wakalishwe chini mapema, waelezwe wanachokipata na wanachokiacha, kisha maneno yao yaandikwe. Shamba la kahawa au la viazi ambalo babu alizikwa pembeni mwake si namba ya kiwanja tu.

Vile vile mambo mengine yametoka katika chumba cha madiwani. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko mikononi mwa TARURA. Barabara kuu, kama ile inayopanuliwa kuwa ya njia nne kati ya Uyole na Ifisi, iko mikononi mwa TANROADS. Maji yana mamlaka yake mjini Mbeya na yake mjini Iringa. Mwananchi asiyejua hivyo humtukana diwani kwa shimo lisilo lake, na diwani mjanja hujificha nyuma ya shimo asilolihusika hata kwa yale yanayomhusu. Kila mradi mkubwa, tena, una sharti la kupimwa athari zake kwa mazingira, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka wananchi washirikishwe katika upimaji huo. Siku hiyo ya kushirikishwa ndiyo ya kwenda. Ukienda siku ya tingatinga umechelewa.

Iko na saa ya kusema. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na watu wengi huanza kuuliza habari za kalvati na zahanati mwezi wa Juni, mahindi yakiwa yamekauka na miguu imepata nafasi. Lakini bajeti ya halmashauri hujadiliwa na madiwani mapema mwanzoni mwa mwaka, na mapendekezo ya mitaa hukusanywa kabla ya hapo, miezi ileile ambayo katika Nyanda za Juu kila mwenye jembe yuko shambani akipanda. Ndivyo watu wenye haja kubwa wanavyokosa kuwapo. Hilo si kosa la mtu mmoja. Lakini mwenyekiti mwenye busara aweza kuuitisha mkutano saa za jioni, au siku ya mapumziko baada ya ibada, badala ya saa nne za asubuhi ya Jumatatu.

Sasa twageukia upande wetu sisi Wakatoliki, maana ni rahisi kuwasema wakubwa. Parokia zetu za Mbeya na Iringa zajaa watu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970, zakutana kila juma nyumba kwa nyumba. Hapana chama wala ofisi iliyo karibu na watu kuliko hizo. Katika jumuiya twajua nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule. Lakini mara nyingi twaombea mgonjwa wa homa ya matumbo juma hili, na mwingine juma lijalo, na mwingine tena, wala hakuna anayeinuka na kuuliza maji ya kisima kile yanachanganyika na nini. Sala ile ni njema. Lakini Mungu aliyetupa midomo ya kusali hakutukataza kuitumia mbele ya afisa wa afya.

Wengine husema kwamba mambo ya mtaa ni siasa, na siasa ni chafu. Malalamiko yao tunayaelewa. Baada ya damu iliyomwagika wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025 wako wengi waliofunga mioyo yao, na maaskofu wetu hawakunyamaza juu ya msiba huo. Lakini mtu akijitenga na mtaa kwa sababu ya uchafu, takataka hazipungui, zaongezeka. Nehemia atwambia kwamba Lango la Jaa, mahali ulipotolewa uchafu wote wa Yerusalemu, lilitengenezwa na mkuu wa wilaya kwa mikono yake. Atwambia pia habari ya wakuu wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao katika kazi, na aibu yao imesomwa kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Waswahili wangewaambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wako wasomi wetu, walimu, waganga, wanasheria, watumishi wa benki, wanaojua kusoma bajeti kwa nusu saa, ambao hawajapata kukaa hata mara moja juu ya benchi la ofisi ya mtaa wao. Wamewaachia kazi hiyo watu wasio na elimu, kisha huwacheka kwa kutokuwa na elimu. Na wako wengine, hasa wanaume, ambao maoni yao hupatikana kwa wingi penye ulanzi tu.

Twaomba jambo moja lieleweke vizuri. Jumuiya haiendi mkutanoni kama chama cha Wakatoliki. Mtaa ni wa wote. Mbeya ina Wamoravian wengi, Iringa ina Walutheri wengi, na kote wapo Waislamu ambao mfereji mmoja unawafurikia sawasawa na sisi. Padre hapigi kampeni, na hati ya jumuiya haitaji jina la mgombea. Lakini mlei aliyebatizwa na kupewa Kipaimara ana kazi yake mwenyewe ulimwenguni, na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema kwamba wale wanaojitoa kwa ajili ya manufaa ya wote wanastahili sifa na heshima ya Kanisa.

Namna ya kusema nayo ina adabu yake. Mkristo hasemi uongo hata kwa ajili ya barabara. Aliyeona nyumba nne zimeingiwa na maji asiseme arobaini. Afadhali watu watatu wa mtaa wapite, wahesabu, waandike: nyumba ngapi, siku ngapi, tangu mwezi gani. Barua iwe fupi, iwe ya jambo moja, itiwe sahihi na watu wa dini zote, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa ikabaki kwa wakazi. Barua isiyo na muhuri hupotea; yenye muhuri huulizwa. Kisha mkutano ufuatao mtu asimame aseme kwa upole, Ndugu Mwenyekiti, barua yetu ya tarehe fulani imefika wapi? Asiposikilizwa, aulize tena mkutano wa tatu. Bwana Yesu alitupa mfano wa mjane aliyemchosha kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, na mjane yule hakuwa na fimbo wala jiwe mkononi. Na michango ikikusanywa, iwe ya ulinzi au ya darasa, hesabu isomwe mkutanoni na kubandikwa ukutani. Mwenyekiti mwaminifu hatachukia. Yeye ndiye wa kwanza kulindwa na karatasi hiyo.

Twalitilia mkazo neno la wanawake. Katika orodha ya Nehemia binti za Shalumu wametajwa katika kazi ya ukuta, na Kitabu cha Hesabu chaeleza jinsi binti watano wa Selofehadi walivyosimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akamwambia Musa kwamba wamesema haki. Katika mitaa yetu anayechota maji ni mwanamke, anayempeleka mtoto zahanati ni mwanamke, anayeuza mboga Mwanjelwa na Mlandege mara nyingi ni mwanamke. Lakini mkutanoni hukaa nyuma na kumwachia mumewe aseme, naye mume hajui hata bei ya ndoo ya maji. WAWATA, wenye umoja na ujasiri katika kazi za parokia, waweza kuwatia moyo akina mama wasimame. Katika fedha ambazo halmashauri hukopesha vikundi bila riba, sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani, nne zimewekwa kwa ajili ya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mambo ya sheria hayo. Lakini nani atauliza zimegawiwa kwa nani, kama wenyewe hawapo?

Kwa viongozi waliochaguliwa, ambao wengi wao ni waamini wetu na hukaa viti vya mbele siku ya Noeli, tuna neno moja tu. Anayekuja ofisini kuuliza si adui. Musa mwenyewe alipokaa kuhukumu watu tangu asubuhi hata jioni, Yethro mkwewe, ambaye hakuwa hata Mwisraeli, alimwambia kwamba jambo analolifanya si jema, atajichosha yeye na kuwachosha watu. Musa akamsikia. Diwani anayeitisha mkutano kila mara, akasoma alichokiahidi na alichoshindwa, hupata usingizi mwema kuliko yule anayekwepa njia ya sokoni.

Limebaki jambo dogo la nyumbani. Katika parokia nyingi mazoezi ya kwaya, ibada ya jumuiya na kikao cha michango ya ujenzi huangukia saa ileile ya mkutano wa mtaa, na waamini wema hulazimika kuchagua. Halmashauri za walei zitazame ratiba zao juu ya jambo hilo, zikapatane na wenyeviti wa mitaa iliyo katika eneo la parokia. Na maparoko, wakipelekewa tangazo la mkutano, wasilione kuwa jambo geni kanisani: lisomwe Dominika pamoja na matangazo ya ndoa, kabla ya baraka ya mwisho, likitaja siku, saa na mahali.